SOMO: Kutunza kwodi baiki huku kwetu Malindi, adui ni mchanga na chumvi

Asalam aleikum jamaa. Wengi mmekuwa mkiniuliza, hasa vijana mnaokodisha kwa watalii kule Mambrui na Mayungu, kwanini mashine inakuja nzima alafu baada ya muda mfupi tu inatoa moshi, haina nguvu, haipandi tuta. Jibu langu ni kwamba kwodi (hizi pikipiki za magurudumu manne) ya Pwani haimalizwi na kilomita, inamalizwa na mchanga na chumvi. Kitabu cha mashine kinakupa masaa ya sevisi, ila soma vizuri uone kinasema ukiwa kwenye vumbi, matope au maji ufupishe huo muda, na sisi huku tuko kwenye vyote vitatu.

Hatua ya 1: Filta ya hewa

Hapa nitakaa sana manake ndipo pesa inapopotea. Kwodi nyingi zina filta ya sponji ndani ya boksi chini ya kiti. Mchanga wa matuta ya Mambrui ni laini, na mkienda msafara yule wa nyuma ndiye anayeula wote. Ukipenya filta unaingia kwenye silinda na kufanya kazi ya msasa, unakula ringi za pistoni na kuta za silinda, kompresheni (ule mgandamizo ndani ya silinda) inashuka, oili inaanza kuungua, ndio ule moshi wa bluu mnaouona. Ukifika hapo ni kufungua injini.

Kwa hivyo kila jioni mkitoka mchangani, toa filta uangalie. Ikiwa chafu ioshe na maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, uminye taratibu tu, usiisokote kama nguo, sponji inachanika na gundi inaachia. Petroli usitumie kabisa, inaharibu gundi na ni moto huo. Suuza, anika kivulini mpaka ikauke kabisa. Sasa hapa ndipo wengi wanaporuka: lazima uiloweshe oili ya filta, iingie kote, alafu uminye ile iliyozidi. Sponji kavu haishiki vumbi laini, inayoshika ni ile oili. Wakati filta iko nje ziba mdomo wa bomba na kitambaa safi, futa boksi ndani, na ukirudisha paka grisi kidogo kwenye ukingo inapokalia. Pitisha kidole ndani ya bomba upande wa injini, ukihisi chenga jua mchanga ushapita.

Nunua filta ya pili jamani, moja ikianikwa nyingine iko kazini. Na kama yako ni ya karatasi hio haioshwi, unakung'uta vumbi na ikizidi unabadilisha.

Hatua ya 2: Kutoa chumvi

Ukitoka ufukweni osha siku hio hio, usiseme kesho. Ngoja injini ipoe, alafu tumia maji matamu, yale ya mfereji ya Baricho. Visima vingi karibu na bahari maji yake yana chumvi, sasa hapo unaosha chumvi kwa chumvi. Mpira wa kawaida unatosha, na kama umepeleka kwa wale wa mashine ya presha simama hapo hapo uwaambie wasielekeze kwenye beringi, rejeta (ile ya kupoza maji ya injini), boksi la filta na viungo vya waya. Osha chini ya madigadi, nyuma ya rimu na kwenye breki. Ukimaliza washa, zungusha kidogo huku unashika breki zikauke. Vichwa vya betri paka vasilini.

Na mteja anayetaka picha ya maji yakiruka baharini mwambie hapana, hata akiongeza pesa.

Hatua ya 3: Oili

Pima oili mashine ikiwa sehemu iliyosawazika. Ikiwa na rangi ya maziwa maji yameingia, usiwashe tena mpaka uimwage. Kwa zile ambazo klachi inalowa kwenye oili ya injini tafuta oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA (ya oili zinazofaa klachi ya aina hio), uzito nyingi zinatumia 10W-40 lakini fuata kitabu chako. Oili nyingi za gari zina dawa ya kulainisha inayofanya klachi iteleze.

Hatua ya 4: Tairi, cheni, breki

Tairi za kwodi zinataka upepo mdogo, nyingi ni kati ya 4 na 7 psi, stika iko kwenye mashine. Geji ya petroli stesheni imetengenezwa kwa gari, huko chini haisomi vizuri, nunua ya kwodi. Ukijaza kama gari inadunda na inapinduka. Cheni isafishe na mafuta ya taa, upake oili ya cheni, usiikaze sana. Pedi za breki mchanga unazila haraka, angalia mara kwa mara.

MASWALI

Swali kutoka Mpeketoni: Fundi, yangu naifanyia kazi shambani, mvua ikinyesha matope mengi alafu inachemka. Shida ni feni?

Jibu: Angalia rejeta kwanza kaka, matope yakikauka kwenye zile pezi hewa haipiti, feni itazunguka bure. Osha na maji ya taratibu kutoka ndani kwenda nje. Na kifuniko usifungue ikiwa moto.

Swali kutoka Watamu: Masika hoteli zikifungwa kwodi zetu zinalala miezi. Tuziweke vipi?

Jibu: Dada, ioshe kwanza ikauke. Kama ni ya kabureta funga koki umwage petroli yote iliyobaki kwenye kabureta, ikikaa inaacha gamu na kuziba jeti. Betri itoe, uichaji mara moja kwa mwezi. Usiifunike na nailoni, unyevu unabaki ndani, tumia turubai linalopitisha hewa.

Swali kutoka Mambrui: Oili ya filta haipatikani hapa, niweke ya injini?

Jibu: Kwa dharura sawa, ila inashuka chini ya sponji na juu panabaki pakavu, kwa hivyo utaiosha na kuipaka mara nyingi zaidi. Ukienda Mombasa chukua chupa ya oili yenyewe.

Swali kutoka Lamu: Yangu ni ya belti (belti ndiyo inapeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu), nilipita maji yakijaa, sasa injini inanguruma lakini haiendi.

Jibu: Maji yameingia kwenye boksi la belti. Nyingi zina kizibo chini, fungua yatoke, alafu ukiwa nyutro piga resi kidogo belti ikauke. Na kwa sababu ni maji ya bahari usiishie hapo, fungua kifuniko usuuze puli na maji matamu, ukaushe. Kama belti imeng'aa pembeni badilisha.