Boti ya kuchongesha: pima ubao wa nyuma kabla ya kuulizia HP

Mtu anachongesha boti nzuri, halafu anakuja Kirumba, hapa Mwanza, kuulizia injini ya kufunga nyuma kwa kutaja HP (nguvu ya injini) tu. Mimi huomba kuiona boti kwanza. Kama bado iko kwa fundi mbao ndiyo bora zaidi, maana ubao wa nyuma bado unaweza kurekebishwa.

Hatua ya 1: Pima ubao wa nyuma
Shika futi, pima kutoka ukingo wa juu, pale injini itakapokaa, hadi chini kabisa ya boti. Ukipata inchi 15 hivi, nunua injini ya mguu mfupi (mguu ni ile sehemu inayoshuka majini). 20 hivi, mguu mrefu. Bamba bapa lililo juu ya propela linatakiwa liwe usawa wa chini ya boti au lishuke kidogo, kama sentimita 2. Likikaa juu, propela inavuta hewa: injini inalia, boti haisogei. Likizama sana, unaburuta chuma majini na petroli inaisha bure.

Hatua ya 2: Tazama umbo na mzigo
Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mtumbwi wa mbao wa mita 8, umejaa dagaa, unasukuma maji. Haupandi juu yake. Mwendo wake unagota kwenye kilomita 12 au 13 kwa saa. HP 15 inautosha, na ukiufunga 40 unachopata ni wimbi kubwa nyuma na dumu linaloisha mapema. (Najua, jirani anayo 40.) Boti nyepesi ya faiba, bapa chini, ya kupeleka abiria visiwani, hiyo ndiyo inayofaidi HP nyingi.

Boti ya kuchongesha haina kibati cha kiwandani kinachotaja mwisho wa HP, kwa hiyo muulize aliyeijenga ubao wake unahimili nini. Fikiria pia bega lako: injini ya HP 15 ya kuchanganya oili kwenye petroli ina kilo 36 hivi, isiyochanganywa hufika 50, na kwa wizi uliopo ziwani itafunguliwa kila jioni kupelekwa stoo.

Hatua ya 3: Ondoa sehemu moja ya kumi
Ziwa letu, Victoria, liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, hivyo injini hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu. Hiyo 15 ihesabu kama 13 na nusu. Kama hesabu yako ilikuwa ya kubanabana, panda saizi moja.

Hatua ya 4: Jaribu propela ukiwa na mzigo
Namba ya pili iliyogongwa kwenye propela ni inchi ambazo ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja. Pakia mzigo wa kawaida, fungua moto wote, soma mita ya raundi. Raundi zisipofika kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha injini, funga propela yenye inchi moja pungufu. Raundi huongezeka kama 150 hadi 200. Kwa mwinuko wetu, propela iliyokuja na injini mara nyingi huwa na inchi nyingi mno.

Hatua ya 5: Kabla hujalipa
Uliza vipande vya kuzuia kutu vilivyofungwa kwenye injini ni vya madini gani. Zinki ni ya maji chumvi. Huku kwetu taka magnesi au aluminiamu. Kisha iwashwe ikiwa ndani ya maji, uone kijito cha maji ya kupoza injini kikitoka kwa nguvu. Ukipita kwenye magugu maji kijito hicho kikidhoofu, zima mara moja, inua injini, safisha matundu ya kuvutia maji.