LUKU Moja, Wapangaji Wengi: Namna ya Kupanga Umeme

Nyumba yetu iko Chikongola, hapa Mtwara. Vyumba vingi, mita moja ya LUKU, na mchango wa umeme naukusanya mimi. Wapangaji hugombana kwa sababu hakuna anayejua kifaa gani kinakula kiasi gani. Kwa hiyo anza na mita.

Tazama kile kitaa chekundu kinachopepesa. Pembeni yake mara nyingi pameandikwa 1000 imp/kWh, yaani kikipepesa mara 1000, uniti moja imekwenda. Zima kila kitu nyumba nzima. Kitaa kikiendelea kupepesa, kuna kitu hakijazimwa au umeme unavuja. Ita fundi kwanza. Kikitulia, washa friza peke yake, ngoja ingurume, hesabu kwa dakika 6, kisha zidisha kwa 10. Kikipepesa mara 15, friza inavuta wati 150. Mita iliyoandikwa 1600, jibu ligawe kwa 1.6. Waite wapangaji wote wahesabu pamoja nawe. Hapo ubishi unaisha. Pasi na jagi la umeme huna haja ya kuhesabu, wati zake zimeandikwa kwenye kibandiko.

Utashangaa. Feni ya wati 50 ikikesha saa 8 haifikishi hata nusu uniti, ila jagi la wati 2000 linamaliza uniti nzima kwa nusu saa. Jamani, anayelala na feni kwenye joto la Desemba mwacheni alale! Mchango ufuate wati na muda wa kutumia, msigawane kwa vichwa.

Sasa saa za kutumia. Uingereza, majira ya baridi ya 2022, kaya zenye mita janja, zinazorekodi matumizi kwa saa, zilianza kulipwa zikipunguza matumizi saa za msongamano. Sisi bei ya uniti ni ileile mchana na usiku, kwa hiyo kuhamisha pasi hadi alfajiri hakupunguzi hata shilingi. Faida yake iko kwingine. Jioni mtaa mzima unawasha, na Ramadhani ndiyo usiseme, blenda za juisi kila chumba. Umeme unakuwa mdogo, friji inahangaika kuwaka, breka inakatika. Gesi ya Mnazi Bay inayozalisha umeme iko jirani, lakini waya wa nyumba una kiwango chake.

Kinachosaidia bei ni uniti 75. Mteja wa D1, yaani kundi la matumizi madogo ya nyumbani, hulipa shilingi 100 kwa uniti mpaka hapo kwa mwezi, kabla ya kodi. Zinazozidi ni 350. Nyumba ya wapangaji wengi haibaki humo, ila anayeishi peke yake azilinde.

Ratiba yetu imebandikwa chini ya mita: pasi asubuhi, pampu mchana, friza ya barafu izimwe saa 12 jioni hadi saa 4 usiku. Ikiwa imejaa na haifunguliwi, barafu haiyeyuki.