Somo: Kukusanya makasha ya zamani ya jumeli za picha, na kwa nini mengine yabaki matupu

Kasha langu la kwanza nililipata Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, kwa mama mjane ambaye mume wake alifanya kazi ya mgodi miaka mingi. Alilitoa chini ya kitanda, limefungwa ndani ya kitenge: bakeliti (plastiki ngumu ya zamani) ya kahawia yenye mawimbi meusi, zito mkononi. "Hii kintu ni ya zamani, papa. Utanipa ngapi?" Kifuniko kilikuwa kimekwama. Kwa pupa nikakisukuma na kidole gumba, na pembe ikaruka kama biskuti, ikaanguka kwenye sementi. Mama hakusema neno, alinitazama tu. Nililipa bei aliyotaja, sikupunguza hata falanga moja.

Hiyo pembe ninayo bado, ndani ya kiberiti. Wengi hapa Lubumbashi wakipata jumeli ya picha, ile darubini ndogo ya kutazamia picha, wanashangilia jumeli na disiki zake, kasha wanampa mtoto achezee. Mimi nimegeuza: nakusanya makasha. Wanaoniuliza ninavyofanya, hivi ndivyo.

Hatua ya 1: Jua kile ulichoshika

Jumeli ninazozisemea ni zile za kutazama picha mbili kwa pamoja, moja ya jicho la kushoto na moja ya kulia, mpaka mlima unasimama mbele yako kama unaweza kuugusa. Iliyoenea kuliko zote ni View-Master. Ilitoka Marekani mwaka 1939, ikiuzwa na kampuni ya Sawyer's ya Portland, Oregon, kutokana na wazo la William Gruber. Disiki yake ni karatasi ngumu ya duara, upana karibu sentimita 9, ina vipande 14 vya filamu, maana yake mandhari 7. Umbo hilo halijabadilika, kwa hiyo disiki ya zamani sana inaingia hata kwenye jumeli ya plastiki ya juzi. Ulaya walikuwa na kiwanda Sint-Niklaas, Ubelgiji, kwa hiyo usishtuke ukikuta maandishi ya Ubelgiji kwenye disiki iliyokaa Likasi.

Makasha yake ni ya namna kadhaa: ya bakeliti yenye bawaba, albamu za karatasi ngumu zenye mifuko, mikebe ya mviringo, na mifuko ya ngozi ya kubebea jumeli yenyewe. Soma jina kwenye kifuniko. Kampuni ya GAF ilinunua Sawyer's mwaka 1966, basi jina moja linakupeleka upande huu wa mwaka huo na lingine upande ule. Mimi jicho langu liko kwenye bakeliti, nakubali ni upendeleo. Aliyeigundua, Leo Baekeland, alikuwa mzaliwa wa Ghent, na wazee wetu waliijua kupitia swichi za taa na simu za ofisini kabla hawajaijua kwa jina.

Hatua ya 2: Mahali pa kutafuta

Soko la Kenya, mtaa wa hapa kwetu, utapita mara kumi ukute mara moja. Wenye vitu hivi ni wastaafu wa mgodi na wa reli, familia zilizopokea vitu kwa wazungu waliokuwa wakiondoka, na walimu wa zamani. Nenda umebeba picha ya kasha kwenye simu, kwa sababu ukisema "stereoskopu", jina la kitaalamu la jumeli hizi, hakuna atakayekuelewa, lakini ukionyesha, mama atasema, "Aa, ile ya watoto kutazama!" Kaa, kunywa maji, uliza kilikuwa cha nani. Na kama kitu kina alama ya shule, parokia au makumbusho, kiache mpaka mwenye mamlaka mwenyewe aseme kinauzwa.

Hatua ya 3: Nusa kabla ya kulipa

Hapa ndipo somo lenyewe lilipo. Fungua kasha upana wa vidole viwili tu, weka pua, funga. Hewa ya kwanza ndiyo inayosema kweli, ukishalipeperusha imekwenda.

Harufu ya siki: filamu ya asetati (plastiki ya vile vipande vya picha) imeanza kuoza. Inatoa asidi, na asidi hiyo hiyo inaharakisha kuoza, ya kwake na ya filamu jirani. Kasha zuri linalofunga vizuri ndilo linaloizuia humo humo ndani. Ndiyo maana makasha yangu mazuri zaidi yako matupu, na wageni wananicheka.

Harufu ya udongo na ukungu: limekunywa mvua. Angalia mifuko ya albamu kwenye pembe, hasa sehemu zenye gundi, kwa sababu mende wanaipenda gundi kuliko sisi tunavyopenda bukari, ugali wetu.

Harufu ya nafutalini: mtu alijali, lakini vibaya. Vile vidonge ni vya nguo za sufu, si vya filamu.

Harufu kama ya swichi ya umeme iliyopata moto: furahi. Sugua pembe kwa kidole gumba mpaka ipate joto, unuse tena. Ikiwa ndiyo hiyo, umeshika bakeliti ya kweli. Wale wanaochoma kwa sindano ya moto ili kupima, sitaki kuwaona karibu na kabati langu.

Hatua ya 4: Kufungua kilichokwama

Bakeliti haipindi, inavunjika. Kifuniko kikikwama, tatizo karibu kila mara ni kijiti cha chuma ndani ya bawaba, kimeshika kutu. Chovya ncha ya njiti ya meno kwenye mafuta ya cherehani, gusa bawaba upande huu na ule, laza kasha usiku mzima. Asubuhi jaribu kwa mikono miwili, nguvu iwe sawa pande zote. Kisipokubali, ongeza tone, subiri tena. Mara moja nilisubiri siku nne. Ile pembe kwenye kiberiti ingekuwa mahali pake kama ningejua hili.

Hatua ya 5: Kusafisha

Toa kila kitu ndani, ukiandika mpangilio ulivyokuwa. Vumbi jekundu la hapa kwetu lina mchanga, ukilisugua kavu linakwaruza, kwa hiyo liondoe kwanza kwa brashi laini ya rangi. Halafu kitambaa chenye unyevu kidogo, na papo hapo kitambaa kikavu.

Usilitumbukize kwenye beseni. Bakeliti nyingi zimechanganywa na unga wa mbao, na ngozi ya juu ikishachoka maji yanauingia na kasha linapauka. Usilianike juani, linapauka vile vile. Usipige msasa: baadhi ya bakeliti za zamani zina asbesto, na vumbi lake si la kuvutwa. Nta kidogo isiyo na rangi inatosha kurudisha mng'ao.

Hatua ya 6: Kuhifadhi

Disiki zangu ziko kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi, kwenye rafu ya ukuta wa ndani usiopigwa na jua. Makasha yako rafu ya chini yake. Kila kasha lina kikaratasi: lilitoka mtaa gani, lilikuwa na disiki zipi, kwa mpangilio gani. Bila kikaratasi hicho umetenganisha ndugu.

Kuanzia Novemba mvua zikianza, naweka vifuko vile vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya. Kuna rafiki alitumia mchele. Alipata fukusi. Kiangazi unyevu unapungua lakini vumbi linaingia hata kwenye tundu la ufunguo, basi funika kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa mara nyingi. Kitenge kipya kinaacha rangi.

Maswali ya wanaoniuliza

*Kutoka Kamalondo:* Yaya, nimepata kasha la mbao lenye mifereji midogo ndani, na kila mfereji una kioo chenye picha mbili. Jumeli yangu haivipokei. Nimeuziwa uongo?

Hapana mdogo wangu, umeuziwa kitu kikubwa kuliko ulichotafuta. Hivyo ni vioo vya stereo, vilitangulia filamu. Pima kimoja: vingi ni milimita 45 kwa 107, kipimo kilichoenezwa na Jules Richard wa Paris na kamera yake ya Verascope tangu miaka ya 1890. Kuna vingine vya sentimita 6 kwa 13. Shika kingo tu, usifute upande wenye picha hata kwa pumzi. Kasha la mbao la namna hiyo vioo vikae humo humo, mradi liwe kavu na halina wadudu.

*Mama mmoja wa Ruashi:* Papa, kasha langu linanuka siki. Nikiliosha na sabuni, naweza kurudisha disiki zilezile?

Mama, harufu haitoki kwenye kasha, inatoka kwenye disiki. Ukizirudisha, baada ya mwezi uko palepale. Tafuta zile zinazonuka, moja moja, uzitenge mbali na nyingine. Kasha liache wazi kivulini wiki mbili au tatu.

*Kutoka Bukavu:* Sisi huku ziwani unyevu hauishi. Mfuko wa ngozi wa jumeli yangu umeota ukungu wa kijani. Nipake rangi ya viatu?

Usipake. Utafungia ukungu ndani. Subiri siku kavu, utoke nje, ujifunge kitambaa puani, upige brashi ukielekea upepo unakokwenda. Uache upate hewa kivulini. Jumeli usiirudishe ndani ya mfuko huo, ukungu ukifika kwenye lenzi unakula kioo.

*Kutoka Likasi:* Disiki zote za kwenye mkebe wa GAF zimekuwa nyekundu. Mkebe ndio ulioziharibu?

Mkebe hauna kosa. Disiki za mwanzo zilitumia filamu ya Kodachrome, ambayo gizani inashika rangi miaka mingi. Baadaye walihamia filamu ya bei nafuu, na hiyo inapoteza bluu na kijani, unabaki wekundu. Hazirudi. Mkebe utunze.

*Kutoka Kolwezi:* Naweza kupiga kasha rangi ya dhahabu lipendeze?

Hapana.

*Kutoka Katuba:* Ndani ya kasha nimekuta disiki tatu hazina maandishi ya kiwanda, kuna kalamu ya risasi tu: "E'ville" na jina la ukoo. Zina thamani?

Mwaka 1952 ilitoka kamera ya View-Master ya watu binafsi. Mtu alipiga picha zake, roli moja ya filamu ikampa hadi jozi 69 za picha, akakata vipande kwa mashine yake na kuvipachika kwenye disiki tupu. Kwa hiyo unazoshika hazina nakala duniani, na aliyepiga alikuwa hapa kabla ya mwaka 1966, mji ulipobadilishwa jina kutoka Elisabethville, ndiyo hiyo "E'ville", kuwa Lubumbashi. Usiziweke sokoni kwanza. Zitazame dirishani asubuhi, uone nyumba, mti, kituo cha reli, watu. Halafu rudi kwa aliyekuuzia umuulize jina hilo la ukoo. Kama kuna mjukuu, mpe jumeli atazame kabla hamjazungumza bei.