Kuongeza filta ya dizeli kwenye gari linalotumika Tanga

Gari la dizeli linalolala Chumbageni au Raskazone huku tangi likiwa nusu huvuta hewa ya baharini kila mafuta yanapopungua. Usiku joto likishuka, unyevu uliomo katika hewa hiyo hugeuka matone kwenye kuta za tangi, na matone hayo huteremka hadi chini kwa sababu maji ni mazito kuliko dizeli. Ndiyo maana mwenye gari wa pwani anapofikiria kuboresha filta yake anapaswa kuanza na suala la maji, halafu ndipo aje kwenye vumbi na taka.

Kwa injini za zamani zenye pampu ya kimakanika, kama 1HZ ya Land Cruiser, uchafu kidogo huvumilika kwa muda. Injini za komoni-reli (zenye bomba moja la shinikizo kubwa linalolisha nozeli zote), kama 1KD-FTV iliyomo kwenye Hilux na Prado nyingi zinazopita barabara ya Segera, hazina uvumilivu huo: dizeli husukumwa kwa shinikizo linalozidi baa 1,000, na nafasi kati ya vyuma vya ndani ya nozeli, yaani kinyunyizio cha dizeli, ni mikroni chache tu (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), ilhali unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi. Maji yakifika huko hula chuma na kuondoa ulainisho unaotolewa na dizeli yenyewe, na nozeli moja iliyoharibika hugharimu mara nyingi zaidi ya bei ya filta.

Ushauri wangu, ambao najua baadhi ya mafundi hawaufuati, ni kwamba filta ya kiwandani isiondolewe. Iache mahali pake, kisha funga filta ya nyongeza yenye kutenganisha maji kati ya tangi na ile ya kiwandani. Anayeing'oa filta ya kiwandani na kuweka nyingine ya duka mara nyingi hupoteza kihisio cha maji kilichopo chini yake, na taa ya onyo kwenye deshibodi haitawaka tena siku inapohitajika.

Katika kuchagua, usidanganyike kwamba mikroni ndogo, yaani filta inayonasa taka ndogo zaidi, ndiyo bora kila mahali. Kwenye magari mengi ya aina hii pampu huvuta dizeli kupitia filta, kwa hiyo filta yenye matundu madogo mno upande wa kuvuta huinyima injini mafuta, na gari hukosa nguvu linapopanda mlima wa Lushoto likiwa na mzigo. Filta ya mikroni 30 inatosha hapo, kwa kuwa kazi yake ni kutoa maji na taka kubwa, na kuchuja taka ndogo zaidi kunaachiwa ile ya kiwandani. Hakikisha kiwango cha lita kwa saa kilichoandikwa kinalingana na injini yako. Kampuni kama Donaldson, Mann na Racor hutengeneza filta za namna hii, lakini jina kwenye boksi halitoshi: chunguza mpira wa kuzibia kama ni laini na umekaa sawa, angalia maandishi kama hayafutiki kwa kidole, na ukiweza linganisha uzito wake na wa filta unayoiamini, kwa sababu filta feki mara nyingi huwa na karatasi chache ndani.

Mahali pa kuifunga panahitaji fikra kuliko spana. Tafuta sehemu chini ya boneti iliyo mbali na turbo na bomba la moshi, isiyorushiwa mawe, na yenye nafasi chini ya kibakuli cha filta kinachokusanya maji ili uweze kufungua koki ya kutolea maji bila kulala chini ya gari. Filta isimame wima. Braketi yake ipakwe rangi au grisi, kwani chumvi ya hewa ya Tanga hula chuma kilicho wazi haraka sana.

Kabla ya kukata mpira wowote wa kupitisha mafuta, zima injini, iache ipoe, ondoa waya hasi wa betri, na asiwepo mtu anayevuta sigara karibu. Mabomba ya chuma yanayokwenda kwenye nozeli usiyaguse kabisa: yakilegezwa injini ikiwaka, dizeli inaweza kupenya ngozi na kuleta jeraha kubwa. Pima kipenyo cha ndani cha mpira uliopo, kisha nunua mpira wa dizeli wenye kipenyo hichohicho, kwa sababu mpira wa maji huvimba na kuoza ukikaa na mafuta. Mshale ulio kwenye kichwa cha filta uelekee injini. Paka oringi (pete ya mpira ya kuzibia) dizeli safi kabla ya kuikaza, na kaza kwa mkono kadiri maelekezo yake yanavyosema.

Kinachofuata ni kutoa upepo, yaani hewa iliyobaki kwenye mipira na filta, na hapa ndipo wengi huharakisha. Usiijaze filta kwa kumimina dizeli kutoka kwenye dumu, kwa maana mafuta hayo yanaweza kuingia upande wa mafuta yaliyokwisha kuchujwa na filta hiyo. Rudisha waya wa betri, kisha bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta ya kiwandani: mwanzoni huwa nyepesi, baadaye huanza kuwa ngumu chini ya kiganja, na ikishakuwa ngumu kabisa ndipo uwashe. Iache injini iungurume huku ukipitisha karatasi kavu kwenye kila maungio. Palipovuja dizeli karatasi italowa, na panapoingiza hewa injini itayumba au itazimika.

Baada ya hapo, fungua koki kila wiki na ukinge kwenye chupa angavu ya maji ya kunywa. Iache itulie kidogo, nawe utaona mstari unaotenganisha dizeli juu na maji chini. Yakitoka maji, endelea kukinga mpaka itoke dizeli tupu, kisha funga. Uchafu huo usimwagwe mtaroni, kwa kuwa mitaro ya mji huu huishia baharini. Chupa ikionyesha maji wiki baada ya wiki ingawa unajaza tangi kila jioni, badilisha kituo unachonunulia mafuta, na tangi lifunguliwe lioshwe kabla hujanunua filta nyingine.