Kuweka nyaya mpya za stima kwenye kanisa au ukumbi wa zamani wa matumbawe, Mombasa

Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa, na chumvi husafiri humo. Fundi akichimba mfereji, akazika paipu na kuziba kwa saruji, unyevu hukwama: plasta inabanduka, sanduku la chuma la soketi linaoza. Kwa hiyo nyaya zipite nje, kwenye uso wa ukuta.

Hatua ya 1. Kazi isimamiwe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati. Ndani ya Mji wa Kale, tafuta kwanza idhini ya ofisi ya uhifadhi ya Makavazi ya Kitaifa.

Hatua ya 2: Pima kabla ya kugusa nyaya. Zima meni swichi. Jaribu testa penye stima ya uhakika, kisha kwenye sakiti, kisha penye stima tena. Toa balbu, chomoa amplifaya na feni, washa swichi zote. Unganisha laini na nyutro, upime kati yao na ethi (waya wa ardhini) kwa kipima insulesheni cha volti 500 DC. Chini ya megaohm 1, sakiti haifai.

Ila usidanganywe na namba nzuri. Nyaya kuukuu za mpira hupima vizuri wakati wa kaskazi, ukuta ukiwa mkavu, kisha masika yakiingia breka zinaanguka ovyo. Fungua kishikizo cha taa darini, ukunje ncha ya waya taratibu. Mpira ukipasuka au kumwagika unga, sakiti nzima ibadilishwe. Kuunga kipande kipya hapo ni kuacha hatari darini, palipo na mbao kavu.

Hatua ya 3: Njia. Fuata pembe za ukuta na nyuma ya nguzo. Toboa kwenye kiungo cha chokaa, kamwe si kwenye jiwe, kwa drili isiyogonga. Tumia skrubu za chuma cha pua daraja 316. Za kawaida huliwa na upepo wa bahari. Kebo bapa ya 2.5 mm² ishikwe kila sentimita 30 ikilala, 40 ikisimama. Boriti za mikoko zifungwe mkanda, zisitobolewe. Mashimo ya zamani yazibwe kwa chokaa tupu.

Hatua ya 4: Bodi. Taa: 1.5 mm², breka ya ampea 6. Soketi ambazo waya wake haurudi kwenye bodi (si za mzunguko): 2.5 mm², breka ya ampea 20. Gawanya sakiti kwa RCD mbili (swichi zinazokata stima ikivuja) za miliampea 30, taa ziwe pande zote mbili, ili hitilafu ya kipaza sauti isiwaache waumini gizani wakitafuta mlango.

Hatua ya 5: Ethi. Fimbo ya mita 1.2 ikigota kwenye mwamba, usiikate. Toboa mwamba, au ongeza fimbo, zikiachana angalau urefu wa fimbo moja. Pima: ukinzani ukivuka ohm 200, ethi hiyo haiaminiki, hata RCD ikikubali. Mwisho pima kila RCD kwa kifaa: kwa miliampea 30 ikate ndani ya milisekunde 300. Kitufe chake peke yake hakipimi ethi.