Gemu ikigoma kufunguka: namba tatu za kusoma kabla ya kulaumu laptopu

Juma lililopita kijana wa kidato cha tano alikuja mezani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, akiwa na HP EliteBook 840 G1 kwenye begi la shule.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mdogo wangu. Leta tuone."

Alikuwa ameshapita kwa mafundi wawili. Wa kwanza alimpigia Windows upya, wa pili alimwambia mashine imezeeka, amwombe baba yake nyingine. Tatizo lenyewe lilikuwa hili: gemu ya mpira ya mwaka 2012, kila akiibofya kinatokea kidirisha kidogo kinachosema faili la d3dx9_43.dll (DLL ni faili la msaada ambalo programu huliita ili ifanye kazi) halipo. Nilimaliza kazi hiyo kwa dakika kumi kwa kutumia fleshi, bila kufungua hata skrubu moja. Naandika haya kwa sababu inaniuma kuona pesa ya mzazi inaondoka kwa kosa ambalo limeandikwa wazi kwenye skrini.

Ili ulisome kosa hilo, inabidi ujue gemu inaongea na nani.

Gemu haigusi kadi ya grafiki moja kwa moja. Inatoa maagizo: chora pembetatu hizi, zivalishe picha hii, mwanga utokee upande ule. Kiwango cha grafiki ni lugha ya maagizo hayo. DirectX ni lugha mojawapo, OpenGL ni nyingine, Vulkan nyingine. Draiva ndiyo mkalimani anayeichukua lugha hiyo na kuigeuza kuwa kitu ambacho chipu inakielewa. Kwa hiyo pande tatu lazima zikubaliane: gemu iliandikwa kwa lugha ya mwaka gani, Windows ina mafaili ya lugha hiyo, na kadi yenyewe ina uwezo wa kutenda inachoagizwa. Upande mmoja ukikataa, unabaki na skrini nyeusi.

Zamani hali ilikuwa ngumu zaidi. Mwaka 1996 kampuni ya 3dfx ilitoa kadi ya Voodoo na lugha yake peke yake, Glide. Voodoo ya kwanza haikuweza hata kuonyesha dawati la Windows. Ilichomekwa pembeni ya kadi ya kawaida, waya mfupi ukapitisha picha kutoka kadi moja kwenda nyingine, na yenyewe ikashika zamu gemu ya 3D inapoanza. Watengenezaji wengine nao walikuwa na lugha zao. Ndiyo maana gemu ya Tomb Raider ya mwaka huohuo ilihitaji toleo tofauti la programu kwa kadi tofauti.

OpenGL ilikuwepo tangu 1992. Iliasisiwa na Silicon Graphics kwa ajili ya mashine kubwa za wahandisi na wachoraji, na id Software, watengenezaji wa gemu ya Quake, wakaileta kwenye gemu kwa GLQuake mapema 1997. Microsoft nao walitoa DirectX mwaka 1995, wakainunua RenderMorphics, kampuni ndogo ya Uingereza, na kutokana na kazi yake wakatoa Direct3D, sehemu ya DirectX inayochora 3D, mwaka 1996. Direct3D ile ya mwanzo iliwachosha waandishi wa programu. Ilibidi maagizo yafungwe kwenye kifurushi kwanza ndipo yatumwe. John Carmack, mwandishi mkuu wa programu wa id, aliandika hadharani, Desemba 1996, kwamba OpenGL inamfaa zaidi. Mwaka uliofuata DirectX 5 ilileta njia fupi ya kuagiza mchoro moja kwa moja, na kuanzia hapo Direct3D ikaanza kupendwa. 3dfx haikufika mbali: mwishoni mwa 2000 Nvidia ilitangaza kununua mali zake, na Glide ikabaki yatima. Gemu zilizoandikwa kwa Glide tupu bado zipo, ila leo hakuna kadi dukani inayoelewa lugha hiyo bila kutafsiriwa.

Kipindi kinachonigusa zaidi hapa mezani ni cha DirectX 9. Ilitoka mwishoni mwa 2002 na ikadumu muda mrefu kuliko zote nilizowahi kuhudumia. Sababu yake ni rahisi: DirectX 10 ilikuja na Windows Vista na haikuletwa Windows XP, na dunia nzima ilikuwa bado kwenye XP. Studio ya gemu haiwezi kuwaacha wateja wake wengi nje ya mlango, kwa hiyo miaka kumi baadaye watu bado walikuwa wanaandika kwa DirectX 9. Gemu ya yule kijana ni mojawapo.

Namba ya Windows na namba ya kadi

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag, gonga Enter. Ukurasa wa kwanza, System, utakuonyesha chini kabisa "DirectX 12". Hapa ndipo wengi wanapopotea. Namba hiyo ni ya Windows, inamaanisha tu kwamba Windows yako ina mafaili ya DirectX 12. Haisemi lolote kuhusu kadi. Nimeona laptopu ya mwaka 2011 ikinadiwa kwa maneno "hii DirectX 12, inacheza gemu zote," na aliyekuwa anauza hakuwa na nia ya kudanganya, alikuwa amesoma ukurasa huo wa kwanza.

Nenda ukurasa wa Display. Kwanza soma jina la kadi. Ukikuta Microsoft Basic Display Adapter, simama hapohapo: mashine haina draiva ya grafiki, hakuna mkalimani, na hakuna gemu ya maana itakayofunguka mpaka uweke draiva kutoka kwa mtengenezaji. Hili hutokea sana baada ya kupiga Windows upya. Jina likiwa sawa, tafuta mstari wa Feature Levels. Hiyo ndiyo namba ya kadi. Soma ya kwanza kushoto, ndiyo kubwa.

Kwa laptopu za mtumba tunazozishika kila siku, hali iko hivi. EliteBook 8460p yenye Intel HD 3000 inafika 10_1. Yenye HD 4000, kama 8470p, inafika 11_0. 840 G1 yenye HD 4400 inafika 11_1. Ukipanda mpaka 840 G3 yenye HD 520 unapata 12_1. Kwa macho 840 G1 na G3 zinakaribiana, ila kwa upande wa gemu mpya zimeachana mbali.

Hiyo HD 4400 ina jambo lake la kujua. Kizazi hicho cha nne cha Intel kiliwahi kuendesha programu za DirectX 12, kisha Intel wenyewe wakauzima uwezo huo kwenye draiva za baadaye kwa sababu ya udhaifu wa kiusalama. Basi ukiona gemu ya DirectX 12 inakataa kwenye G1 yako, usihangaike usiku kucha kubadilisha Windows. Angalia kama gemu hiyo ina chaguo la DirectX 11.

Namba ya tatu ni ya gemu, nayo imeandikwa kwenye mahitaji yake ya chini. Linganisha. Gemu ikidai 11_0 na kadi inaishia 10_1, kesi imekwisha: hakuna faili duniani litakaloipa chipu uwezo ambao haikuzaliwa nao. Mfano ulioumiza wengi ni Counter-Strike, gemu ya kupigana kwa bunduki mtandaoni. Toleo la CS:GO lilikuwa la DirectX 9, likacheza vizuri kwenye laptopu nyonge kabisa. Toleo jipya, CS2, lilipochukua nafasi yake mwaka 2023, DirectX 9 iliachwa. Vijana wenye HD 3000 walilala wana gemu, wakaamka hawana. Mashine zao hazikuharibika. Lugha ndiyo iliyobadilika.

Kosa la d3dx9

Sasa turudi kwa yule kijana. Kadi yake 11_1, gemu DirectX 9, Windows 10. Namba zote zinakubaliana, kwa nini igome? Kwa sababu waandishi wa gemu za kipindi kile walitegemea mafaili ya nyongeza ya DirectX 9, na Windows mpya haiji nayo. d3dx9_43.dll ni mojawapo.

Usilitafute faili hilo moja kwenye tovuti za kugawa DLL. Kwanza hujui limewekewa nini ndani. Pili utaliweka mahali pasipo pake. Kwenye Windows ya biti 64, folda ya System32 ni ya mafaili ya biti 64, na yale ya biti 32 yanakaa SysWOW64. Majina yanaonekana yamegeuzwa, lakini ndivyo yalivyo. Fundi wa kwanza wa yule kijana alikuwa amebandika DLL ndani ya System32, na gemu ya biti 32 haikuwahi kuliona.

Fanya hivi. Pakua kutoka Microsoft kifurushi cha DirectX cha Juni 2010, jina lake directx_Jun2010_redist. Ni kama megabaiti 95, nami hukaa nacho kwenye fleshi ili mteja asitumie bando lake. Tengeneza folda mpya tupu, tuseme kwenye dawati, uiite DX. Fungua kifurushi, kitakuuliza mafaili yawekwe wapi, ielekeze folda hiyo. Hapa ndipo watu wanaposimama wakidhani wamemaliza. Hujasakinisha kitu bado, umefungua boksi tu. Ingia ndani ya folda ya DX, utakuta mafaili mengi ya CAB, na katikati yake DXSETUP. Bofya hiyo, kubali masharti, subiri imalize. Haitaigusa DirectX 12 ya Windows wala kuirudisha nyuma, inaongeza yaliyokosekana. Kisha futa folda.

Tulipofika hapo kijana akabofya gemu, uwanja ukatokea, na nikamwona anashusha pumzi. Alikuwa ametunza mashindano yake yote ya miaka miwili humo.

Gemu za zamani zaidi

Kwa gemu za miaka ya tisini mpaka mwanzoni mwa elfu mbili, kifurushi hicho peke yake hakitoshi. Hapo unahitaji mtafsiri. Ninayemwamini anaitwa dgVoodoo 2. Anapokea Glide, DirectDraw (sehemu ya DirectX ya picha bapa) na Direct3D za zamani, anazigeuza kuwa Direct3D 11 au 12 ambayo kadi yako inaielewa. Kwa gemu ya DirectX 7 kurudi nyuma, ingia folda ya MS halafu x86, nakili DDraw na D3DImm uziweke pembeni ya faili la kuanzishia gemu. Kwa gemu ya Glide, chukua zilizomo kwenye folda ya 3Dfx. Nakili pia dgVoodooCpl, ndiyo paneli ya mipangilio. Ukianzisha gemu utaona alama ya dgVoodoo kwenye kona ya skrini. Hiyo ni furaha, maana yake mtafsiri ameshika kazi. Ukiridhika, izime kwenye paneli. Usipoiona, umeweka mafaili kwenye folda isiyo yake.

Windows ikikuomba DirectPlay, kipengele cha zamani cha DirectX, ikubalie, au iwashe kwenye orodha ya vipengele vya Windows, chini ya Legacy Components.

Vulkan nayo

Mwaka 2013 AMD walitangaza Mantle, lugha iliyompa mwandishi wa gemu usukani wa kazi nyingi zilizokuwa za draiva. Mantle haikudumu, lakini waliitoa kwa Khronos, shirika linalosimamia OpenGL, na Februari 2016 ikazaliwa Vulkan. DirectX 12 ilishatoka mwaka uliotangulia, na wazo linalofanana. Faida yake ni kwamba prosesa haichoki kutafsiri, na kwa laptopu yenye prosesa dhaifu hilo linaonekana kwa macho.

Unaweza kuitumia hata kwa gemu za zamani kupitia DXVK, inayogeuza Direct3D kuwa Vulkan. Ilitengenezwa kwa ajili ya Linux, na ni sehemu ya Proton inayoendesha gemu za Windows kwenye Steam Deck, mashine ya gemu ya kushika mkononi. Kwenye Windows watu huichomeka wenyewe: gemu ya DirectX 9 ya biti 32, chukua d3d9.dll kutoka folda ya x32, iweke pembeni ya faili la gemu. Matoleo yanayoanza na 2 yanahitaji Vulkan 1.3, kadi yako ikiwa nyuma, jaribu 1.10.3. Dakika za mwanzo gemu inaweza kukwama kidogokidogo kwa sababu sheda, programu ndogo zinazoiambia kadi namna ya kupaka rangi na mwanga, zinaandaliwa. Ivumilie raundi moja. Ikizidi kuwa nzito, futa hilo faili na gemu inarudi ilivyokuwa. Usilijaribu kwenye gemu za mtandaoni zenye ulinzi dhidi ya udanganyifu, unaweza kufungiwa akaunti.

Jambo moja nje ya mada, ila siwezi kuliacha. Grafiki ya Intel ya ndani haina kumbukumbu yake, inakopa RAM ya mashine. Laptopu yenye kijiti kimoja cha GB 8 ukiiongezea cha pili kinachofanana nacho, njia za kupitishia data zinakuwa mbili, na gemu nyingi zinachangamka bila kubadilisha kadi. Hakikisha tu mashine ina nafasi ya pili.

Ukienda kununua, omba laptopu iwashwe mbele yako. Windows na R, dxdiag, ruka ukurasa wa kwanza, fungua Display, piga picha ya mstari wa Feature Levels kwa simu. Kaa pembeni ulinganishe na gemu unayoitaka. Muuzaji mwaminifu atakusubiri.