Somo: Namna ya Kutofautisha Ugumu wa Haki na Ugumu wa Uonevu katika Gemu za RPG za Zamani

Ndugu wanachama,

Anayeanza kucheza gemu za RPG za zamani (gemu za hadithi ambamo unaongoza shujaa au kikosi na kukikuza kwa mapigano), zile za miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, hukutana upesi na kauli mbili zinazopingana. Wapo wanaosema kwamba gemu hizo ni ngumu kupita kiasi na kwamba waliozitengeneza hawakumjali mchezaji. Wapo pia wanaosema kwamba ugumu huo ndio utamu wenyewe, na asiyeuweza akatafute gemu nyingine. Kauli hizi hazitusaidii, kwa sababu ndani ya gemu moja, na mara nyingine ndani ya pango moja, ugumu wa haki na ugumu wa uonevu hukaa pamoja. Msimamo wangu ni kwamba umeshindwa kwa haki ikiwa, kabla ya kushindwa, gemu ilikuwa imekupa njia ya kushinda, au walau ikiwa unaondoka na jambo litakalokufaa utakaporudi. Ukishindwa bila ya hayo mawili, umeonewa. Hatua zifuatazo zinaonyesha namna ya kulipima jambo hilo bila ya kutawaliwa na hasira.

Hatua ya kwanza: andika kilichokuua

Kabla ya kulaumu gemu, andika sentensi mbili au tatu: adui alikuwa nani, alifanya nini, nawe ulikuwa na nini mkononi. Wengi wetu huruka hatua hii na kubaki na kumbukumbu ya jumla tu kwamba "pale pana shida", kumbe pana adui mmoja mwenye sumu na sisi tuliingia bila ya dawa yake.

Hatua ya pili: tafuta onyo

Jiulize kama gemu ilikuonya. Mfano bora ninaoujua ni Dragon Quest, iliyotolewa na Enix kwa Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, mwaka 1986, chini ya usanifu wa Yuji Horii. Shujaa wake hutembea peke yake na hupigana na adui mmoja mmoja, na dunia yake imegawanywa na madaraja: ukivuka daraja, maadui wa upande wa pili huwa wakali zaidi. Hakuna mtu anayekuzuia kuvuka mapema, lakini baada ya kuvuka mara moja na kupigwa, daraja lenyewe hugeuka kuwa alama ya hatari, na tangu hapo kila unapoliona jingine unajua kwamba unatakiwa kujipima kwanza. Hata ngome ya adui mkuu huonekana ng'ambo ya maji tangu mwanzo wa safari. Mchezaji anajua anakokwenda, na anajua pia kwamba bado hajafikia kuiendea.

Katika gemu hiyohiyo, lango la mji wa Cantlin linalindwa na jitu la mawe, Golem, anayewapiga hadi wachezaji wenye silaha nzuri. Anayemkabili kwa upanga peke yake atamwona kuwa ni uonevu mtupu. Lakini wapo watu mijini wanaosema kwamba Golem huogopa sauti ya filimbi, na filimbi yenyewe imefukiwa katika mji wa Kol. Aliyesikiliza watu, akaitafuta na kuipiga, humlaza Golem usingizi, kisha humshinda kwa utulivu. Huo ni ugumu unaomlipa mchezaji kwa kusikiliza.

Hapa ni lazima niongeze jambo linalotuhusu sisi tunaozipata gemu hizi leo kama faili tupu katika simu. Maonyo mengi ya zamani hayakuwa ndani ya gemu. Yalikuwa katika kijitabu cha maelekezo kilichouzwa pamoja nayo. Katika Wizardry, iliyoandikwa na Andrew Greenberg na Robert Woodhead na kutolewa na Sir-Tech mwaka 1981 kwa kompyuta ya Apple II, mchezaji alitakiwa kuandika mwenyewe jina la uchawi anaoutaka, kama KATINO wa kuwalaza maadui au DIOS wa kuponya, na maana ya majina hayo ilielezwa kijitabuni. Anayeicheza bila ya kijitabu hicho hajaonewa na waliotengeneza gemu. Amenyimwa nusu ya gemu. Tafuta kijitabu kwanza, ndipo uhukumu.

Hatua ya tatu: tafuta pale ulipoamua

Onyo peke yake halitoshi ikiwa huna la kuchagua. Kitazame kisanduku cha hazina cha Wizardry. Baada ya pigano, unaweza kukifungua palepale, kumtuma mwizi wa kikosi akikague, kumwomba padri atumie CALFO ili kuutambua mtego, au kukiacha na kwenda zako. Ukitaka kuutegua mtego, unatakiwa uandike jina lake. Ukikosea jina, huenda ukalipukiwa. Hatari ni kubwa, lakini kila sehemu yake imepita mikononi mwako, na tamaa iliyokuponza ni yako.

Linganisha na pango la barafu la Final Fantasy, gemu ya Square ya mwaka 1987. Humo wamo maadui wanaoweza kumuua mtu papo hapo, na hutokea wakaanza wao kabla kikosi chako hakijapewa zamu. Mchezaji aliyejiandaa vizuri na asiyejiandaa kabisa wanaweza kufa kwa namna moja katika sekunde zilezile. Pango hilo lina mambo mazuri, lakini kifo cha namna hiyo nakihesabu kuwa uonevu, kwa sababu hakuna uamuzi wowote wa mchezaji ulioweza kukizuia, isipokuwa ule wa kuingia, ambao hadithi inamlazimisha.

Hatua ya nne: pima gharama

Adhabu nayo ina kipimo chake. Katika Dragon Quest, ukifa unarudishwa mbele ya mfalme, nusu ya dhahabu yako imepotea, lakini alama zote za uzoefu ulizokusanya zinabaki. Umeumia, ila hujarudi nyuma. Katika Final Fantasy, kikosi chote kikifa unarudi pale ulipohifadhi mara ya mwisho, na ndani ya mapango hakuna mahali pa kuhifadhi.

Tuchukue pango la kinamasi la gemu hiyo, ambalo wengi huishia hapo. Unatakiwa kununua dawa za kuponya kwa dhahabu 60 kila moja na dawa za sumu kwa 75, na duka la toleo la kwanza linakuuzia moja moja, hivyo kabla ya hatari yoyote umeshabonyeza kitufe mpaka kidole kimechoka. Unaingia, unapigana na wenye sumu, unafika kwenye kisanduku chenye taji, na wachawi wanaokilinda wanakushukia. Ukiwashinda, safari haijaisha, kwa sababu uchawi wa kukutoa pangoni kwa kawaida bado huna, na unalazimika kurudi kwa miguu njia ileile kwa dawa zilizobaki. Naitetea sehemu hii. Dawa, njia na maadui vyote hujulikana baada ya safari ya kwanza, na sanaa yake ni kukadiria akiba ya kurudi nayo. Ninacholalamikia ni bei ya kosa la dakika ya mwisho, na foleni ya vitufe dukani.

Final Fantasy III ya mwaka 1990 ilivuka mpaka. Katika toleo lake la Famicom, kuanzia mnara wa mwisho hadi bosi wa mwisho (bosi ni adui mkubwa anayelinda sehemu fulani) hakuna pa kuhifadhi, na katikati wamo mabosi kadhaa. Anayeshindwa mwishoni anarudia mambo aliyokwisha kuyaweza, na kurudia huko hakumfundishi lolote kuhusu adui aliyemshinda.

Mtu ataniuliza kuhusu Wizardry, ambayo adhabu yake ni kali kuliko hizo zote: aliyekufa hupelekwa hekaluni kufufuliwa kwa malipo, ufufuo ukishindikana hugeuka majivu, na majivu yakishindikana hupotea moja kwa moja. Hata hivyo gemu hiyo hukuruhusu kuunda kikosi cha pili kikaitafute miili ya kikosi cha kwanza pale kilipoangukia. Kushindwa kunazaa safari mpya yenye maana, na kwa ajili hiyo naihesabu adhabu hiyo kuwa nzito bila ya kuwa ya dhuluma.

Hatua ya tano: hakikisha kwamba kanuni ni za kweli

Uonevu mbaya kuliko wote ni ule usioonekana. Katika toleo la kwanza la Final Fantasy, tarakimu ya akili ya mchawi, ambayo gemu inakuonyesha na kuiongeza kadiri anavyokua, haina athari yoyote katika nguvu ya uchawi wake, kwa sababu ya hitilafu katika programu. Uchawi wa TMPR na SABR, unaotakiwa kuongeza nguvu ya pigo, haufanyi kazi. Ule wa LOK2, unaotakiwa kupunguza uwezo wa adui wa kukwepa, unauongeza. Panga zilizotajwa kuwa za moto au za barafu hazipati faida yoyote kutokana na moto au barafu hiyo. Mchezaji anayenunua uchawi huo kwa dhahabu aliyoitafuta kwa jasho, akautumia zamu baada ya zamu dhidi ya bosi, amefanya kila jambo kwa usahihi na bado anashindwa, na hakuna namna ya kujifunza kutokana na kushindwa huko kwa sababu alichoambiwa si kweli. Hitilafu hizi zilirekebishwa katika matoleo ya baadaye, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kumshauri mgeni aanze na matoleo hayo.

Hatua ya sita: angalia dawa yake ni akili au ni muda

Ikiwa njia pekee ya kupita ni kuzunguka uwanjani ukipigana mapigano yaleyale kwa saa kadhaa ili tarakimu zipande, huko ni kutwanga maji kinuni. Ugumu unaostahili heshima hukutaka ubadilishe mbinu.

Matador wa Shin Megami Tensei III: Nocturne, iliyotolewa na Atlus mwaka 2003, ndiye mwalimu mkali ninayempenda kuliko wote. Katika gemu hiyo, ukimpiga adui mahali pa udhaifu wake unaokoa nusu ya zamu. Ukimkosa, unapoteza zamu mbili. Matador hutumia mbinu inayoufikisha uwezo wake wa kulenga na kukwepa kwenye kilele, hivyo kikosi kinachotegemea mapigo peke yake humkosa, hupoteza zamu, kisha hupigwa bila ya kujibu. Dawa yake ni kuchagua majini, yaani viumbe wanaopigana upande wako, wasiodhurika na upepo wake na kutumia uchawi wa kushusha wepesi wake, mambo ambayo wachezaji wengi huyapuuza hadi siku hiyo. Anayemshinda huanza kuicheza gemu nzima kwa namna nyingine.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama kutoka Morogoro: Mwalimu, mimi nachezea katika simu kwa emuleta, ile programu inayoiga mashine za zamani, na naweza kuhifadhi popote, hata katikati ya pigano. Je, siharibu ugumu wa haki?*

Ndugu yangu, inategemea unahifadhi wapi. Ukihifadhi kabla ya kila pigo na kurudi kila unapokosa, unaifuta hatua ya tatu yote, kwa maana hakuna tena uamuzi wenye uzito. Nakushauri uhifadhi mlangoni mwa pango na mbele ya bosi peke yake. Hivyo unapunguza gharama iliyopita kiasi, kama ile ya Final Fantasy III, na unaliacha pigano lenyewe lilivyo.

*Mwanachama kutoka Mombasa: Katika Final Fantasy ya zamani, nikiwaamuru wapiganaji wawili wampige adui mmoja na wa kwanza akamuua, pigo la pili linapotea bure. Huo si uonevu?*

Sikubaliani nawe, kaka, ingawa naelewa uchungu wake. Kanuni hiyo haibadiliki, na gemu inakutangazia waziwazi kwamba pigo halikufaa kitu. Baada ya mapigano machache unaanza kukadiria ni mapigo mangapi yatamwangusha kila adui, na kugawa amri zako kwa hesabu hiyo. Matoleo ya baadaye yalimhamishia mpiganaji huyo kwa adui mwingine, na kwangu mimi yaliondoa hesabu iliyokuwa na ladha.

*Mwanachama kutoka Kigoma: Naomba ufafanuzi kuhusu gemu ambazo shujaa mkuu akifa mchezo unaisha, hata kama wenzake wako hai.*

Nocturne iko hivyo, na Baldur's Gate ya mwaka 1998 pia, ingawa katika hiyo ya pili wenzako wanaweza kufufuliwa hekaluni. Kanuni yenyewe naikubali, kwa kuwa inajulikana mapema na inakufundisha kumlinda shujaa. Inakuwa uonevu inapokutana na uchawi wa kuua papo hapo unaotegemea bahati. Katika Nocturne unaweza kumvisha shujaa kinga, basi fanya hivyo kila unapoingia mahali papya. Katika Baldur's Gate, mhusika anayeanza, kabla hajapanda uwezo, ana uhai mdogo mno: mchawi Tarnesh anayekungoja kwenye ngazi za Friendly Arm Inn anaweza kukumaliza kwa bahati mbaya ya mara moja, basi kusanya wenzako kabla ya kumfikia.

*Mwanachama kutoka Mwanza: Nimekwama Dragon Quest II, kwenye pango la kuelekea Rhone. Niendelee au niache?*

Pango hilo lina mashimo yasiyoonekana na njia zinazokurudisha ulikotoka, na juu yake wako maadui wenye uchawi wa kuua kikosi kizima. Kwa mashimo, chora ramani katika karatasi ya mirabaraba na utie alama kila unapoanguka. Hayo yana dawa. Kwa vifo vya ghafla huko juu, kwa kipimo cha somo hili ni uonevu, na usione haya kuhifadhi papo hapo mara unapotoka pangoni. Kimbilia kaskazini kwenye hekalu dogo la Rhone, ambako utaponywa na kuhifadhi mchezo, kisha pigana ukiwa karibu nalo hadi utakapoona kikosi kinaweza kusimama.